Fungate katika Bonde la Ruaha

Watu wa pwani wanalo neno la zamani, fungate. Asili yake ni saba. Ndizo siku saba ambazo bwana arusi na bibi arusi waliachwa ndani wapumzike, wakihudumiwa na wazee wao, bila kutumwa kisimani wala kuitwa shambani. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba watu wawili waliolelewa katika nyumba mbili hawawi kitu kimoja kwa kuvaa nguo mpya siku moja. Wanahitaji kukaa pamoja, kutazamana na kuzungumza.

Sasa tazama kijijini kwako. Kamati ya arusi hukutana miezi mitatu. Michango huandikwa daftarini, na asiyetoa husemwa. Siku yenyewe kuna maturubai, muziki mkubwa, keki na mapicha. Hata kukicha Jumatatu, bibi arusi ameshika ndoo, na bwana arusi ameshika kalamu anahesabu madeni. Miaka inapita, watoto wanazaliwa, mahindi yanapandwa na kuvunwa, na wale wawili hawajapata hata siku moja ya kukaa peke yao. Ndiyo maana mume na mke wakionekana wamepanda basi pamoja, jirani huuliza mara moja, "Kuna msiba wapi?" Hajui safari nyingine inayoweza kuwatoa wote wawili nyumbani, ila msiba au hospitali.

Basi leo nakualika wewe na mwenzi wako katika safari isiyo ya msiba. Labda mmeoana mwezi uliopita, labda mwaka huu mnatimiza miaka 25. Ni mamoja. Tutapita na gari katika bonde la mto Ruaha Mkuu, toka Morogoro hata Iringa. Ni mwendo wa kilomita 300 hivi, nao ni mmojawapo wa mwendo mzuri kabisa katika nchi ya Tanzania.

Usiseme, "Mimi sina gari." Wako wenye ndugu mwenye gari dogo, naye atakubali kuliazima kama mafuta ni juu yenu na dereva ni mtu mwenye akili. Wako watakaokodi. Na asiyeweza hayo mawili apande basi la mchana, akae dirishani na mwenziwe, ashuke mahali na mahali. Macho hayabagui kati ya mwenye gari na mwenye tiketi. Kama fedha ni chache, iambieni kamati ya arusi ipunguze maturubai. Wageni watasahau keki kabla ya wiki kwisha, lakini ninyi hamtasahau safari hii.

Watoto waacheni kwa bibi yao, kuku kwa jirani. Chukueni mkeka, chupa ya chai, mihogo ya kuchoma au maandazi, maji ya kutosha na nguo ya baridi. Usiicheke hiyo nguo ya baridi. Tutaihitaji kabla ya safari kwisha.

TOKA MOROGORO HATA MIKUMI

Ondokeni Morogoro asubuhi, milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika mawingu. Barabara yenyewe ni barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori ya kwenda Tunduma hupita humo mchana na usiku. Yafaa ujue habari zake kidogo. Zamani ilikuwa njia ya udongo mwekundu. Mwezi wa Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikakosa njia yake ya mafuta. Ndipo malori yakaanza kubeba mafuta toka Dar es Salaam kwa njia hii ya udongo. Masika yaliteleza na kutumbukia mabondeni, na kiangazi yalifunikwa na vumbi. Madereva wa siku zile waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta hata Ndola, nayo barabara ikatiwa lami miaka iliyofuata. Leo mnaketi mkinywa chai mahali ambapo wenzenu walisukuma magari topeni.

Baada ya saa moja na zaidi mtaingia Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Jina lake latokana na mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya mitende inayoota uwandani. Barabara kuu hukata hifadhi hii kwa kilomita 50 hivi, na mpita njia halipi kitu. Mkitaka kuacha lami na kuingia ndani kutazama wanyama, hapo ndipo pa kulipa kiingilio. Lakini hata mkibaki barabarani mnaweza kuona twiga, pundamilia, swala, nyati, na wakati mwingine tembo akivuka kwa makini kama mama mwenye kubeba mtungi.

Dereva, hapa nakusihi. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na matuta yamewekwa barabarani kwa sababu hiyo. Anayegonga mnyama hutozwa faini kubwa, na baya kuliko faini, twiga aliyegongwa huweza kuangukia gari na kuwaua waliomo. Nyani watakaa kando ya njia wakitazama mikono yenu. Msiwatupie kitu. Nyani aliyezoea mkate wa abiria huishia kukanyagwa na gari.

Tena kwenda polepole kuna faida nyingine. Katika gari mume na mke wameketi bega kwa bega, wote wakitazama mbele. Jambo ambalo ni gumu kulisema mezani, macho kwa macho, hapa hutoka kwa urahisi. Mke atasema, "Tangu mama yako aliponiambia neno lile, sikulala." Mume atasema, "Deni la mbegu bado lipo, nilikuficha." Hakuna wa kuinuka na kutoka nje, hakuna jirani wa kupiga hodi. Kuna barabara tu, na majani, na muda. Msiogope kunyamaza pia. Wapendanao wanaoweza kunyamaza pamoja kilomita kumi, na wasichoke, wamepata kitu kikubwa.

Laleni mji wa Mikumi, nje ya hifadhi. Nyumba za wageni ziko za kila bei. Mwenye siku za ziada aweza kukata njia ya kusini kuelekea Kidatu na Mang'ula, avuke Ruaha katikati ya mashamba makubwa ya miwa, kisha apande msitu wa Udzungwa kutazama maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka mita 170. Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ni mwendo wa miguu, si wa gari, na wenye magoti mazima watafurahi.

BONDE LA MIBUYU

Siku ya pili ondokeni mapema. Baada ya Mikumi njia hupanda na kushuka vilima vya Iyovi, kisha ghafla nchi inabadilika. Hewa inakuwa ya joto, ardhi inakuwa kavu, na pande zote mbili mnaiona mibuyu. Si mmoja wala miwili. Imesimama kwa mamia juu ya miteremko ya milima, mikubwa kwa midogo, kama watu waliotoka kusali wakasimama kuzungumza. Upande mmoja ni milima ya Udzungwa, upande wa pili ni milima ya Rubeho, na katikati Ruaha Mkuu umejipasulia njia. Mto mara waonekana, mara wajificha nyuma ya miti.

Egesheni gari mahali pa usalama, nje kabisa ya lami, mtandike mkeka. Mkija kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mibuyu itakuwa uchi, matawi yake kama mizizi iliyoelekea mbinguni. Mkija masika mtaikuta imevaa majani ya kijani, na bonde lote limebadilika hata mgeni hawezi kuamini ni lile lile. Maua yake meupe hufunguka jioni, na popo ndio wanaoyatembelea usiku wakinywa utamu wake na kuchukua mbegu za kiume toka ua hadi ua. Asubuhi ua limekwisha kunyauka. Lakini kwa kazi ya usiku mmoja huo watoto wetu wanapata ubuyu.

Mwangalieni mbuyu mmoja mzee kwa karibu. Shina lake lina makovu ya kukatwa magome kwa ajili ya kamba, maana mbuyu hautendi kama miti mingine. Ukichunwa gome haufi, huota gome jipya. Ndani aghalabu una uwazi mkubwa. Umepigwa na jua, umechunwa na watu, umesuguliwa na tembo, na bado kila mwaka unatoa matunda. Ukiwa na mke au mume wa miaka mingi, huhitaji mwalimu wa kukueleza maana ya mti huo.

Endeleeni hata Ruaha Mbuyuni, mpakani mwa Morogoro na Iringa. Hapa pana vitunguu, na kila mpita njia anapajua kwa vitunguu. Mashamba yananyweshwa kwa maji ya mto, na vitunguu vyekundu vimepangwa kando ya njia katika mifuko ya nyavu. Kina mama na vijana watakuja mbio dirishani. Usinunue sasa, ila kama hutarudi kwa njia hii. Waambie, "Nikirudi," kisha usisahau ahadi yako. Kaeni mnywe soda, mle nyama ya kuchoma na ndizi, mkawasikilize wenyeji wakisimulia bei ilivyopanda na kushuka. Mkulima akikutana na mkulima hakosi habari.

MTO WENYEWE

Sasa shukeni mkautazame mto, lakini msikaribie maji, kwa kuwa mamba na viboko hawajui kama mko katika fungate.

Ruaha Mkuu huanza mbali, katika vijito vya milima ya Mbeya na Kipengere. Vijito hivyo hushuka uwanda wa Usangu, vikajaza kinamasi cha Ihefu, kisha mto hutoka hapo ukapita katika Hifadhi ya Ruaha. Huko mbele hupokewa na bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980. Toka Mtera maji huachiwa kidogo kidogo, yakapita katika bonde hili mnaloliona, yakafika Kidatu, ambako tangu mwaka 1975 hugeuza mitambo ya umeme. Kidatu ina nguvu ya megawati 204. Kutoka hapo mto huingia Rufiji, na Rufiji sasa una bwawa lake kubwa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Kwa hiyo kama kijijini kwenu kuna taa ya umeme, huenda maji yaliyopita hapa yalikwisha kukumulikia uji wako.

Basi sikia jambo la kusikitisha. Katika bonde hili utaona maji hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa bwawa la Mtera huyagawa. Lakini juu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu mwaka 1993. Viboko hubanana katika madimbwi ya matope, samaki hufa, na tembo huchimba mchanga kwa miguu na mikonga wapate maji.

Nani aliukausha? Hakuna mtu mmoja aliyekuja akaunywa mto. Huko Usangu kila mtu alichukua kidogo. Huyu alifungua mfereji wa mpunga, yule akafungua wa pili. Mavuno yakiisha mfereji haukufungwa, maji yakaendelea kumwagika bure shambani. Ng'ombe wakawa wengi kinamasini. Kila mmoja alikuwa na haja ya kweli, maana watu hula wali, na ng'ombe hunywa maji. Lakini hakuna aliyetazama kilichobaki mtoni. Serikali iliwaondoa wafugaji wengi mwaka 2006, na mwaka 2008 Usangu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Wapo waliohama kwa machozi, na mto bado haujarudi kama zamani. Kuukausha kulikuwa rahisi. Kuurudisha ni kazi ya miaka.

Ninyi wawili mliosimama ukingoni, ulizaneni bila hasira, katika nyumba yetu ni mfereji gani haujafungwa? Labda ni kilabu cha jioni. Labda ni simu isiyowekwa chini wakati wa chakula. Labda ni ndugu wanaoambiwa siri za ndani kabla mwenye nyumba hajaambiwa. Vitu hivi havimalizi upendo kwa siku moja. Huchukua kidogo, kila siku, na kiangazi kikija, yaani ugonjwa, au njaa, au kifo cha mtoto, mnakwenda mtoni mnakuta mchanga. Heri kuulizana leo, hapa, mkiwa mmeshiba na mmepumzika, kuliko kuulizana siku ile.

MLIMA KITONGA

Toka Mbuyuni njia hupita Mtandika na Mahenge, kisha Mlima Kitonga unasimama mbele yenu kama ukuta. Barabara hupanda kwa kona kali, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori yaliyobeba mizigo ya Zambia na Kongo hupanda kwa mwendo wa mtu atembeaye, yakipiga kelele, moshi juu. Lori likiharibika, utingo hushuka kuweka jiwe chini ya gurudumu na kutupa matawi barabarani nyuma na mbele. Ukiona matawi ya miti njiani, punguza mwendo mara moja. Ndiyo alama ya kwamba mbele pana hatari.

Dereva usipite lori lingine penye kona, hata kama moyo unakuwasha. Wakati wa kurudi, unaposhuka, tia gia ndogo tangu juu, usiikanyage breki mfululizo. Breki iliyopata moto haishiki tena. Usisafiri hapa usiku. Na wewe uliyekaa pembeni, Kitonga si mahali pa kuleta shauri la mahari wala la shemeji. Mwache dereva na usukani wake. Mwambie tu, "Unaendesha vizuri." Maneno hayo mawili hayakugharimu kitu, na utaona jinsi mabega yake yanavyotulia.

Mkifika juu, tafuteni mahali pa wazi pa kusimama, mtazame nyuma. Bonde lote liko chini yenu, mibuyu imekuwa kama njiti, na barabara imejikunja kama kamba iliyoanguka. Asubuhi mlikuwa mkitokwa na jasho. Sasa upepo ni wa baridi. Toka Mbuyuni hata Iringa mtu hupanda zaidi ya mita 1,000. Hapo ndipo mtakapoikumbuka ile nguo ya baridi. Kama mmechukua moja tu, mume ajue la kufanya.

Ilula iko karibu, nayo ina nyanya kama Mbuyuni ilivyo na vitunguu. Kisha kabla ya kufika Iringa mtapita Lugalo. Kuna mnara wa kumbukumbu hapo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwavizia hapo askari wa Kijerumani wa Emil von Zelewski. Zelewski mwenyewe aliuawa, na pamoja naye Wajerumani wengine na askari zaidi ya 200. Simameni kidogo, mkatulie. Wote waliolala pale walikuwa na mama zao.

IRINGA

Jina la mji latokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Mji uko juu ya kilima, na chini yake hupita Ruaha Mdogo, ndugu wa ule mliouacha bondeni, nao huenda kuungana naye kabla ya Mtera. Hapa kaeni siku tatu kama mwaweza. Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na blanketi mbili si anasa.

Siku moja nendeni Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa. Wajerumani waliiteka tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa alipigana porini karibu miaka minne zaidi, hata tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe hai. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 1954 Gavana Twining alilirudisha fuvu kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Fuvu hilo liko katika nyumba ya makumbusho pale Kalenga. Waelezeni watoto habari hizi mkirudi nyumbani.

Siku nyingine nendeni Isimila, kilomita 20 hivi kwa njia ya Mbeya. Huko mvua na mto wa zamani vimechonga nguzo ndefu za udongo, na chini zimepatikana zana za mawe za watu wa kale, waliokuwa wakiishi hapa kabla ya chuma kujulikana. Yule aliyelishika jiwe lile akachuna nyama, huenda naye alimpelekea mtu wake kipande kilichonona.

Jumapili, kama mnataka, ingieni Misani Tosamaganga, misioni ya zamani isiyo mbali na mji. Wabenediktini waliianzisha mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya vita kuu ya kwanza wakaja Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Yapendeza kukaa benchi moja mahali ambapo hakuna anayewajua, hakuna anayemwita baba kwenye kikao wala mama jikoni.

Sokoni mtaona vikapu vya kina mama wa Kihehe, vilivyosukwa kwa milulu, vimekaza hata mtu hudhani ni kitambaa. Nunueni kimoja. Wakati wa mvua mtaonjeshwa ulanzi, pombe ya mianzi. Dereva na aonje siku asiyoendesha, wala asijidanganye kwa utamu wake.

Na jioni moja, pandeni Gangilonga. Maana yake ni jiwe linaloongea. Ni mwamba mkubwa juu ya mji, si mbali wala si mgumu kwa mtu mwenye viatu vizuri. Nendeni mapema ili mshuke kabla ya giza. Kaeni juu yake mkitazama paa za mji, moshi wa jikoni ukipanda, na jua likishuka nyuma ya vilima. Mume, hapa umwambie mkeo neno ambalo hujamwambia tangu siku ya posa. Usitafute la vitabuni. Mwambie ulichokiona ndani yake. Wanaume wetu wengi husifu ng'ombe, husifu gari, husifu hata jembe, lakini mke humsifu siku ya maziko yake, mbele ya watu, yeye asiposikia. Na wewe mke, kama analo jema, mwambie pia. Asipopata kulisikia kwako, atapita akilitafuta kwingine.

KURUDI

Siku ya sita geuzeni gari. Njia ni ile ile, lakini bonde halitakuwa lile lile, maana sasa jua liko upande mwingine, na mabonde yaliyokuwa gizani yanaonekana. Shukeni Kitonga kwa gia ndogo. Simameni Ruaha Mbuyuni mnunue vitunguu kwa yule mliyemwahidi. Nunueni na ubuyu wa watoto, na cha bibi aliyewalea watoto.

Mtakapofika kijijini, watu watasema. Mmoja atasema mmetupa fedha. Mwingine atasema bibi amemroga bwana. Msibishane nao. Wapeni kitunguu kimoja kimoja, waambieni habari za mibuyu. Huenda mwaka ujao yule aliyesema sana ndiye atakayekuja usiku, kimya kimya, kuuliza nauli ya Iringa ni kiasi gani.

Kisha fanyeni jambo moja. Kabla hamjaegesha safari hii katika kumbukumbu, chagueni siku moja katika mwezi, hata nusu siku, ya kutembea ninyi wawili tu. Si lazima iwe Ruaha. Iko njia ya kwenda mtoni kwenu, iko miembe mpakani mwa shamba. Andikeni siku hiyo ukutani, karibu na kalenda ya sikukuu, na anayekuja na shauri siku hiyo aambiwe arudi kesho.